Panya wa Maabara Wanakula Watoto Wao, Nami Naambiwa Nawadekeza

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, naishi Bunda mjini na nimeajiriwa kwenye maabara ya chuo kimoja hapa mkoani Mara. Mwaka jana nilikabidhiwa chumba cha panya weupe wadogo. Wanafunzi huwatumia kwa mafunzo ya vitendo na kwa kupima dawa za miti. Wanaishi kwenye ndoo za plastiki zilizofunikwa wavu, na chini kuna maranda kidogo tu. Madume wanang'atana. Wengine wananyonyoana manyoya. Yupo mmoja anayezunguka palepale usiku kucha. Majike wanakula watoto wao. Nilikatakata khanga kuukuu nikawawekea pamoja na trei za mayai, wakajenga viota. Bosi alipoviona akavitupa vyote, akasema nawadekeza na naharibu majaribio. Mama yangu, yuko Butiama, anasema hakuuza ng'ombe ili nisome halafu niende kulisha panya. Rafiki yangu amenishauri niwapakie kwenye boksi nikawaachie porini upande wa Ndabaka, kisha niseme wamekufa. Wanane nimeshawaleta nyumbani kwangu, wapo uvunguni. Nifanyeje, Shangazi? W.M., Bunda.*

Marahaba, W.M. mwanangu.

Umeandika kama mtu aliyekwisha kujiandaa kuchekwa. Hapa huchekwi. Kiumbe kilichofungiwa hakina pa kukimbilia. Chakula, maji na usingizi wake vyote viko mikononi mwa aliyekifungia, na wewe umeliona hilo kabla hujafundishwa na mtu. Bosi wako sijamsikia upande wake, kwa hiyo nitamchukulia kuwa ni mtu wa nia njema mwenye hofu zake. Wewe pia nakuchukulia hivyo, ingawa hao wanane wa uvunguni tutawazungumza kwa sauti nyingine kidogo.

Panya hao wanakuambia nini

Tuanze na la watoto kuliwa, maana ndilo linalokunyima usingizi. Hutokea hata kwa jike aliyetunzwa vizuri kwamba mtoto akizaliwa mfu au dhaifu, mama humla. Ukikuta limetokea mara moja, usijilaumu. Likiwa jambo la kila uzazi, tafuta sababu: msongamano, maji yaliyokatika usiku, chakula kisicho na protini ya kutosha, watu kufunuafunua ndoo siku za kwanza baada ya kuzaa, au kukosa mahali pa kuwaficha watoto. Kwa maelezo yako, huenda sababu kadhaa kati ya hizo zimekaa pamoja kwenye ndoo moja.

Panya mdogo ni mnyama wa gramu ishirini na kitu, thelathini akinenepa. Mwili mdogo namna hiyo hupoteza joto upesi sana. Sehemu anayostarehe ni kwenye joto la nyuzi 30 hivi, wakati maabara nyingi duniani huwekwa nyuzi 20 hadi 24 kwa ajili ya starehe ya watu wanaofanya kazi humo. Usiku wa baridi wewe unavuta blanketi. Blanketi la panya ni kiota, na hahitaji kujengewa. Mpe kitu cha kujengea, atakifuma mwenyewe hadi kiwe na paa. Watoto wake huzaliwa bila manyoya na macho yamefumba, na bila kiota wanapoa. Mama naye hutumia nguvu nyingi kujipasha moto badala ya kutoa maziwa.

Mchana mambo hugeuka. Chumba chenye bati bila dari, saa nane, na ndoo ya plastiki isiyopitisha hewa pembeni, ni tanuri. Panya hatoi jasho la kumpoza kama sisi. Kwa hiyo, kabla hujafikiria kitu kingine chochote, peleka kipimajoto, kining'inize usawa wa ndoo zilipo, uandike kinachosoma alfajiri na alasiri.

Huyo anayezunguka palepale hana wazimu wala hajarogwa. Ni mnyama aliyekosa la kufanya mpaka mwendo mmoja ukawa ndio maisha yake. Nakuambia mapema ili usikate tamaa: tabia hiyo ikishaota mizizi huenda isiishe hata ukimjengea kasri. Wanaonyonyoana manyoya nao ni vivyo hivyo. Pima kazi yako kwa kizazi kitakachozaliwa baada ya mabadiliko, usiipime kwa hao waliokwisha kuharibika.

Jambo jingine dogo: panya weupe wana macho mekundu yasiyo na rangi ya kuyakinga, na mwanga mkali wa muda mrefu huwaumiza. Ndoo iliyo dirishani iondoe leo. Hilo halihitaji kibali cha mtu.

Bosi wako ana hoja, ila si nzima

Anaogopa kwamba ukiweka vitu vya ziada, panya watatofautiana na majibu ya majaribio yatayumba. Hofu hiyo ni ya zamani na wasomi wakubwa waliwahi kuwa nayo. Mwaka 2004, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Wolfer na wenzake ulioangalia jambo hilohilo kwa panya wadogo. Wale waliowekewa vitu vya kujishughulisha hawakuonyesha majibu yaliyotawanyika zaidi kuliko wenzao wa vizimba vitupu. Na zaidi ya miaka 40 kabla ya hapo, mwaka 1959, Waingereza wawili, Russell na Burch, walikwisha kuandika kitabu kinachosema kwamba anayetumia wanyama katika sayansi ajiulize mambo matatu: naweza kuacha kuwatumia, naweza kutumia wachache zaidi, na hao nitakaowatumia naweza kuwapunguzia mateso? Maswali hayo leo huulizwa na kamati za maadili sehemu nyingi duniani kabla jaribio halijaruhusiwa.

Hebu fikiria hizo dawa za miti mnazopima. Mwanafunzi anamnywesha panya maji ya gome, kesho panya amezubaa, kesho kutwa amekufa. Ni gome? Ni jeraha alilong'atwa na mwenzake usiku? Ni baridi? Mnyama anayetetemeka na kupigana kila siku, mwili wake hautoi jibu la kawaida, na kinga yake ya magonjwa hubadilika. Chukua malaria. Vimelea vinavyotumika sana kuwajaribia panya dawa za malaria vilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Katanga, Kongo, kwa panya wa msituni, na tangu hapo vimezunguka maabara za dunia nzima. Dawa ikionekana kufaa kwa panya ndipo watu huanza kufikiria binadamu. Jibu la uongo likianzia kwenye ndoo yenu Bunda, mwisho wake ni mtu wa Nyasho au Bweri, pale Musoma, anayekunywa gome akiamini limepimwa.

Hoja ya bosi iliyo ya kweli ni hii: mabadiliko yasifanywe kwenye ndoo moja na kuachwa nyingine, wala yasiingizwe jaribio likiwa katikati. Nahisi wewe ulifanya yote mawili, tena bila kusema. Na ile khanga, mwanangu, afadhali aliitupa. Kitambaa kilichokatwa huachia nyuzi ndefu, nazo hujizungusha kwenye mguu wa mtoto wa panya mpaka damu isipite. Najua Bunda ni nchi ya pamba na mkono utakwenda huko haraka. Pamba nyuzi nayo ina shida hiyohiyo. Iache.

Mama yako, na panya wa Morogoro

Mama usimbishie. Mwambie habari za Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine lipo shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, likahamia Morogoro mwaka 2000. Wanafundisha panya buku, wale wakubwa wenye mifuko mashavuni, kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa Tanzania, alipelekwa Kambodia kutafuta mabomu, na mwaka 2020 shirika la wanyama la PDSA la Uingereza likampa medali ya dhahabu. Nyuma ya panya huyo walikuwapo Watanzania waliomlisha, waliomfundisha na waliojua akiamka vibaya. Katika vizimba vya panya hao huwekwa chungu cha udongo cha kulalia na kitu cha kuguguna, na wakifanya kazi juani hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani. Hakuna anayesema wanadekezwa, maana panya aliyechoka au anayeumwa hanusi kitu.

Panya buku si sawa na hao wako wadogo, sharti lisemwe. Mahitaji yao yanatofautiana. Lakini mama yako ni mtu wa zizi. Anajua kwamba ng'ombe anayelala kwenye tope na kugombania maji hatoi maziwa hata umkamue kwa dua. Mwambie kazi yako ni hiyo, mifugo tu ndiyo imepungua ukubwa. Akiendelea kununa, mletee mshahara wa mwezi huo na sukari, mengine yatakuja.

Kabla ya kiota, acha kuwazalisha

Hapa sasa nakaza sauti. Hukusema una panya wangapi, na nadhani hukusema kwa sababu hujui. Madume na majike wamo pamoja. Jike hubeba mimba kwa wiki tatu tu, huzaa watoto sita, wanane, hata zaidi, na anaweza kupata mimba nyingine ndani ya siku moja baada ya kuzaa. Watoto wake wanafikia umri wa kuzaa wakiwa na wiki sita hivi. Chuo chenu hakihitaji panya wote hao. Hata ukijaza viota chumba kizima, msongamano utakushinda kabla ya Krismasi.

Tenga madume na majike wiki hii. Watoto watenge kwa jinsia wakifikisha siku 21. Majike hukaa vizuri kwa makundi. Madume ni habari nyingine: ndugu waliokua pamoja tangu kuachishwa maziwa huvumiliana, lakini usichukue dume mzima ukamtia kwa wageni, wataumizana hadi kufa. Anayeng'ata kila mtu mkalishe peke yake na umwongezee vifaa vya kiota, maana hana wa kulala naye ajipashe moto. Baada ya hapo, zalisha kwa hesabu ya mahitaji ya muhula tu. Ukiniuliza kitu kimoja kitakachopunguza mateso ya chumba hicho kuliko vingine vyote, ni hiki, na hakigharimu hata shilingi.

Vitu vya kuwawekea

Kwanza karatasi. Tishu nyeupe au karatasi isiyo na wino, ikatwe vipande virefu, gramu nane hadi kumi kwa kizimba. Ukiona wameijenga ikawa bakuli tu, ongeza. Ukiona imefunikwa juu, umefika. Trei za mayai ulizowaza mwenyewe ni nzuri kama ni mpya, maana iliyokwisha kubeba mayai huleta kinyesi cha kuku na wadudu wake. Kipande cha bomba la maji la plastiki, kipana cha kutosha panya kupita bila kubanwa, kinafaa kwa kujificha na kina faida nyingine. Mwaka 2010 watafiti wa Liverpool, Hurst na West, walionyesha kwamba panya anayebebwa ndani ya bomba, au kwenye viganja vilivyokunjwa, humwogopa mtu kidogo sana kuliko anayenyanyuliwa kwa mkia. Wafundishe wanafunzi hilo kabla ya somo jingine lolote. Mkia si mpini.

Maranda yaongeze yawe kina cha vidole viwili au vitatu, wachimbe. Uliza fundi seremala yametoka kwenye mbao gani. Yanayonuka sana, kama ya msonobari mbichi, hubadilisha kazi ya ini, na hapo bosi atakuwa na haki ya kulalamikia majaribio. Ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ni sumu moja kwa moja. Chakula cha kuku cha dukani nacho kisome vizuri mfuko wake, maana vingine vimechanganywa na dawa, na ukimlisha panya wa majaribio hiyo dawa umepima nini? Dagaa waliosagwa, kidogo, huziba pengo la protini. Lakini wawe wamekaushwa vizuri na wasiwe na mchanga.

Ndoo zenyewe ningezibadilisha taratibu kwa mabeseni mapana yenye kifuniko cha wavu wa chuma, hewa ipite. Mkojo wa panya ukikaa hutoa harufu kali inayochoma macho na mapafu, yao na yako. Unaposafisha, hamisha sehemu kavu na safi ya kiota cha zamani uiweke kwenye kizimba kipya. Madume wakikuta harufu ya kiota chao hupunguza kupigana. Maranda yenye mkojo usiyahamishe, hayo huwachochea. Na penye watoto wachanga usiguse siku za mwanzo, labda pawe pamelowa.

Mlango uzibwe chini. Panya wa nje wakiingia kufuata chakula huleta magonjwa na viroboto, na kwa siku chache utapoteza ulichojenga kwa miezi.

Ndabaka, na hao wanane

Rafiki yako hakutakii mabaya, ila ushauri wake utakuponza. Panya mweupe aliyezaliwa kwenye ndoo hajui mwewe, hajui nyoka wala paka. Mweupe kwenye majani, anaonekana kutoka mbali. Wengi hawatamaliza usiku wa kwanza, na watakaouawa na kiu watakufa polepole kuliko ambavyo wangekufa chuoni. Tena hao ni wanyama waliotiwa dawa na labda vimelea, nawe unataka kuwaachia mpakani mwa Serengeti, kwenye njia ya wanyamapori na ng'ombe wa watu. Huo si wema. Ni kuhamisha tatizo likafie mahali ambapo hutaliona. Halafu useme wamekufa? Ukishaandika uongo kwenye daftari la maabara, hakuna ukweli wako mwingine utakaoaminiwa, hata huu mzuri ulioniandikia.

Hao wa uvunguni ni mali ya chuo, nawe umewachukua bila ruhusa. Najua ulichokusudia. Mwajiri hatasoma kusudi, atasoma hesabu. Unalala nao chumba kimoja, na hujui walipewa nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwambie bosi wewe mwenyewe, kabla jirani hajamwambia. Usiwarudishe kimyakimya ukawachanganya na wengine, maana hujui wameokota nini huko nyumbani. Waulize wanaohusika wakae wapi, na kama uamuzi utakuwa wauawe, uombe ufanywe haraka na mtu anayejua, bila maumivu.

Na hapo kuna swali ulilolikwepa katika barua yote. Hata ukifanikiwa, panya hao mwisho wao ni uleule. Utawajengea viota, watakuzoea, kisha mwanafunzi atakuja na orodha. Wapo watu wazuri kabisa ambao hawawezi kazi hiyo, na hakuna aibu kuomba kuhamishiwa kitengo kingine. Ukibaki, baki ukijua unawatengenezea maisha mazuri yenye mwisho uliopangwa. Usibaki ukitarajia siku moja utawaokoa.

Namna ya kulipeleka neno

Usiende kwa bosi na huruma peke yake, ataitupa kama trei. Nenda na daftari. Kwa wiki mbili andika kila asubuhi: waliozaliwa, waliokufa, wenye majeraha, joto la chumba. Kisha omba faragha, uanze na la wanane, uombe radhi na la khanga kuingizwa bila ruhusa. Akimaliza kukukaripia, omba jambo dogo: vizimba vichache ambavyo havimo kwenye jaribio lolote viwekewe karatasi na bomba, vingine vibaki kama vilivyo, mhesabu pamoja hadi mwisho wa muhula. Mtu wa sayansi ni vigumu kukataa jaribio. Vizimba vyenye viota vikifanya vizuri zaidi, omba utaratibu uwe mmoja kwa vyote, na uanze pale ambapo jaribio jipya linaanza.

Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, na wanyama wa utafiti wamo ndani yake. Iwe mgongoni mwako, usiitangulize mezani siku ya kwanza. Anayetajiwa sheria kabla ya salamu hujitetea, hasikilizi. Lakini akikataa hata kuangalia daftari, mwandikie barua fupi, nakala kwa mkuu wa idara na kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na ubaki na nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa. Huenda ukanuniwa. Huenda mkataba ukaisha usiongezwe, na sitakudanganya kwamba hilo haliwezekani. Ndiyo maana nasisitiza la wanane limalizike kwanza: ukiingia kwenye ugomvi huo ukiwa na panya wa chuo uvunguni, kesi itakayosikilizwa ni yako, ya ndoo itasahauliwa.

Niandikie kabla ya muhula kufungwa. Nataka kujua kipimajoto kilisoma ngapi saa nane mchana, na huyo jike wa kwanza kupata karatasi alibaki na watoto wangapi.